Hodi mlango gani? Jinsi kaya zinavyochaguliwa katika uchunguzi wa matumizi ya nyumbani

Karani wa takwimu hushuka gatini Amu, mji mkongwe wa Lamu, akapanda mtaa wa Langoni, akabisha nyumba moja, akaipita milango kumi na minne bila kusita, kisha akabisha wa kumi na tano ndani ya uchochoro. Waliopitwa huuliza, na wana haki ya kuuliza: mbona fulani ameandikwa nami sikuandikwa? Wengine hukata shauri kwamba mzee wa mtaa amewapendekeza jamaa zake, au kwamba wanaoandikwa watapewa msaada.

Uchunguzi wa matumizi ya kaya ndio unaozaa kiwango cha umaskini cha kila kaunti, na ndio unaoamua unga, nauli, kodi ya nyumba na mafuta ya taa vipewe uzito gani katika kupima mfumuko wa bei. Nchini Kenya uchunguzi wa 2005/06 ulikusudia kaya 13,430. Ule wa 2015/16, uliochukua miezi kumi na miwili tangu Septemba 2015, ulikusudia kaya 24,000 katika klasta 2,400 (mafungu ya kaya za majirani), yaani kaya kumi kwa kila klasta. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Kwa hiyo, kwa wastani, kila kaya inayohojiwa huzisemea mamia ya nyingine. Mlango ukibishwa kimakosa, mamia hayo yote husemewa kimakosa.

Sharti la sampuli wakilishi, yaani kaya chache zinazoweza kuzisemea zote, ni moja: kila kaya nchini iwe na nafasi ya kuchaguliwa, nafasi hiyo ijulikane kwa hesabu, na isiwe sufuri. Hakuna sharti kwamba nafasi zote zilingane. Anayechagua mvuvi mmoja, mwalimu mmoja, mkulima mmoja wa Mpeketoni na mama muuza mahamri mmoja, akadhani amepata picha ya Lamu, amechora picha ya mawazo yake mwenyewe. Kura ya bahati nasibu haijui nani anafanana na nani, na ndiyo maana inaaminika.

Kaya na Kaya

Kabla ya kura lazima ijulikane kinachopigiwa kura. Hapa pwani neno lenyewe lina mtego. Kwa Mijikenda, Kaya ni msitu mtukufu wa mababu, na karani akimwambia mzee wa Kigiriama huko nyuma ya Malindi kwamba amekuja kuhesabu kaya, atatazamwa kwa mshangao. Afadhali aulize majiko.

Kitakwimu, kaya ni mtu au watu wanaoishi katika boma au nyumba moja, hata kama si chini ya paa moja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Sharti la jiko ndilo linalotatiza. Katika nyumba kubwa ya mawe ya Amu, bibi yuko chini, mwanawe na mkewe wako ghorofa ya kwanza, na chumba cha juu kimekodishwa kwa mwalimu kutoka bara. Mlango wa kuingilia ni mmoja, na mbele yake daka moja. Majiko huenda yakawa matatu, au mawili ikiwa bibi hupelekewa sahani kutoka juu. Karani asiyeuliza nani anapika wapi ataandika kaya moja. Katika mji (boma) wa Kigiriama, mwenye wake watatu anaweza kuwa na majiko matatu, kila mke na unga wake. Hizo kwa kawaida ni kaya tatu, japo mwenye mji ni mmoja. Kosa hili halionekani katika ripoti. Hujificha humo, likipandisha ukubwa wa kaya na kupotosha matumizi ya kila kichwa.

Wanafunzi wa bweni, wafungwa, wanajeshi kambini na wageni wa hoteli hawaingii, kwa kuwa hawapikiwi na kaya. Mlinzi anayeishi peke yake katika jumba la Mzungu kule Shela anaingia: yeye ndiye kaya, hata kama mwenye jumba huja mara moja kwa mwaka.

Kwa nini Lamu hupewa zaidi ya fungu lake

Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Lamu na watu 143,920 kati ya 47,564,296 wa Kenya nzima, takriban asilimia 0.3. Tukizigawa kaya 24,000 kwa uwiano mtupu, Lamu itapata kama 73: klasta saba za kumi kumi, na tatu za kusalia. Hebu zipange hizo saba. Amu, Mpeketoni, Witu, Hindi, Faza, Kizingitini, Kiunga: zimekwisha, na bado hujagusa Siyu, Pate, Ndau, Mkunumbi wala vijiji vya Waaweer vya Basuba.

Wengi hudhani kaunti ndogo inatosheka na sampuli ndogo. Hesabu haisemi hivyo. Usahihi hutegemea idadi ya waliohojiwa na namna matumizi yanavyotofautiana baina yao, na karibu hautegemei kabisa ukubwa wa umma wenyewe. Mpishi huonja kijiko kilekile kimoja, sufuria ya harusi au ya nyumbani, mradi amekoroga vizuri. Basi ikiwa takwimu inatakiwa kwa kila kaunti, Lamu inahitaji karibu kaya sawa na Nairobi.

Tuifanye hesabu yenyewe kwa tarakimu za mfano. Tuseme matumizi ya kaya yana mtawanyiko, yaani mchepuko wa kawaida, wa asilimia 80 ya wastani, nasi tunataka wastani wa kaunti usipotoke zaidi ya asilimia 10 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Zidisha 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, kwa 0.8, gawa kwa 0.1, upate 15.68, zidisha kwa yenyewe, ni kaya 246. Hiyo ingetosha kama kila kaya ingechaguliwa peke yake, mbali na nyingine zote. Lakini hakuna serikali inayoweza kutuma boti Kiwayu kwa kaya moja, kisha Mkunumbi kwa kaya moja. Kaya huchukuliwa kwa mafungu, klasta, na majirani hufanana. Katika kijiji cha wavuvi, samaki akipotea hupotea kwa wote. Ukimhoji wa kumi hapo, sehemu kubwa ya atakayosema umeshaisikia kwa tisa wa kwanza.

Hasara hiyo ina kanuni yake: chukua idadi ya kaya katika klasta, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza moja. Kaya 10 na kufanana kwa 0.1 hutoa 1.9. Kwa hiyo 246 huwa 467. Gawa kwa 0.9 kwa ajili ya watakaokosekana, ni 519. Zungusha ziwe 520, yaani klasta 52. Uchunguzi wa 2015/16, ukizigawa kaya zake 24,000 kwa kaunti 47, ni wastani wa kama 511 kwa kaunti. Si ajabu basi kwamba hesabu hizi zinakaribiana.

Mwenye bajeti atauliza: mbona tusichukue kaya 20 kila tunapofika, tupunguze safari? Fanya tena. Kaya 20 hutoa 2.9, kaya zinazohitajika hupanda hadi 793, klasta hushuka hadi 40. Umeokoa safari kumi na mbili, umeongeza mahojiano 280, na hojaji ya matumizi si ya nusu saa. Lamu, ambako mafuta ya boti ni ghali, hesabu hii inastahili kufanywa kwa bei halisi za gatini kabla ya kuamua. Kuichukua kumi kwa sababu mwaka uliopita ilikuwa kumi ni uvivu.

Kura ya kwanza: maeneo

Wakati wa sensa nchi hukatwa vipande vidogo, maeneo ya kuhesabia, kila kimoja na kaya kama mia hivi. Kutoka katika maeneo ya sensa ya 2019, yapatayo 129,000, Kenya ilitengeneza fremu kuu, yaani orodha ya kuchagulia, ya klasta 10,000, ikagawanywa mafungu manne yanayolingana, ili tafiti mbalimbali zisiwachoshe watu walewale. Kaunti 45 zina matabaka mawili, mjini na vijijini. Nairobi na Mombasa ni mjini tupu. Jumla ni matabaka 92, na kila tabaka hupigiwa kura yake.

Ndani ya tabaka, maeneo huorodheshwa kwa kufuata ardhi. Lamu ungeanza Kiunga, ushuke Kiwayu na Ndau, Faza, Siyu, Pate, uvuke Manda, kisha bara kupitia Hindi hadi Mpeketoni na Witu. Mbele ya kila eneo huandikwa idadi ya kaya zake, na idadi hizo hujumlishwa kwenda chini. Tuseme tabaka la vijijini lina kaya 12,000 na zinatakiwa klasta 20. Hatua ni 600. Kura hupigwa kati ya 1 na 600. Ikitoka 147, eneo lenye kaya ya 147 katika ile jumla limechaguliwa, kisha lenye ya 747, ya 1,347, hadi mwisho. Eneo lenye kaya 120 lina nafasi ya 120 kwa 600, yaani 0.2, lenye kaya 60 lina nusu ya hiyo. Na kwa kuwa orodha imefuata ardhi, hatua hizo haziwezi kurundikana Mpeketoni zikauacha upande wote wa visiwa. Ukiipanga orodha kwa alfabeti, unaipoteza faida hiyo iliyokuwa ya bure.

Kuorodhesha: hapa ndipo mambo huharibika

Klasta ikishachaguliwa, sharti iorodheshwe upya. Sensa huzeeka. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, karibu miaka miwili baada ya sensa. Vyumba vya kupanga vilivyojengwa tangu wakati huo upande wa Hindi na Mokowe havimo katika daftari la 2019, na waliomo humo hulipa kodi, hununua chakula cha hoteli, hutuma pesa kwao. Matumizi yao hayafanani na ya mwenye nyumba yake na shamba lake la korosho. Ukitumia orodha ya zamani, nafasi yao ya kuchaguliwa ni sufuri, na lile sharti moja limevunjika.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Timu huenda na ramani ya eneo na kiongozi anayejua mipaka, mara nyingi mzee wa mtaa, ili ajulishe na aonyeshe mpaka. Asipewe kazi ya kutaja majina. Huanza pembe moja na kuzunguka upande mmoja bila kurudi nyuma, kila jengo likipewa namba kwa chaki, hata duka, hata gofu lisilo mtu. Kila jengo huulizwa: wapo wanaolala? Majiko mangapi? Nani mkuu? Amu ina ugumu wake: vichochoro hupinda, nyumba mbili huungana kwa juu kupitia wikio, chumba kinachovuka uchochoro, na mlango wa kaya ya pili huenda uko uani. Katika visiwa kuna madago, makambi ya wavuvi wanaokuja kwa msimu. Je, waandikwe? Kanuni ya ukaazi hutazama miezi ambayo mtu ameishi hapo au anakusudia kuishi, na kanuni yoyote itakayowekwa lazima itumike sawasawa kila klasta, kwani dago lisilohesabiwa hapa wala kule watokako ni watu waliopotea kabisa. Wafugaji wa Kiorma nao huhama na malisho, kwa hiyo orodha isikae miezi sita kabla ya mahojiano.

Eneo likikutwa limekua maradufu, huvunjwa vipande vyenye mipaka inayoonekana, njia au mkuyu au ukuta, kimoja huchaguliwa kwa kura, na uwezekano wa kipande hicho huandikwa. Wengi husahau kuandika. Bila hiyo namba, uzito wa mwisho, yaani idadi ya kaya ambazo kila iliyohojiwa huzisemea, hauwezi kukokotolewa tena.

Sasa ile milango kumi na minne. Orodha ina kaya 150 na zinatakiwa 10: hatua ni 15. Kura kati ya 1 na 15 ikitoka 7, huchukuliwa ya 7, ya 22, ya 37, hivyo hivyo hadi ya 142. Uteuzi hufanywa na msimamizi au na programu ndani ya kishikwambi. Karani aliye mlangoni asiachiwe, maana binadamu, hata mwaminifu, huvutwa na nyumba iliyo karibu na gati, isiyo na mbwa, na yenye kivuli.

Mwaka mzima, bahari ikiwa shwari na ikichafuka

Matumizi yana msimu. Wakati wa kaskazi mashua hutoka nje ya mwamba na samaki hupatikana. Kusi kikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hukaa ndani na mifuko hukauka. Ramadhani hupandisha matumizi ya tende, sukari, nyama na nazi, na Idi huleta nguo mpya. Chakula huulizwa kwa siku saba zilizopita tu, kwa hiyo wiki anayofika karani ndiyo inayousemea mwaka wa kaya hiyo. Ndiyo maana uchunguzi huenea miezi kumi na miwili. Ule wa 2015/16 ulikutana na Ramadhani mara moja, iliyoanza mapema Juni 2016.

Lakini miezi kumi na miwili peke yake haitoshi kama klasta hazikugawanywa kwa kura katika majira. Katika orodha ile iliyofuata ardhi, klasta ya kwanza huenda robo ya kwanza ya mwaka, ya pili robo ya pili, ya tatu, ya nne, kisha unaanza tena. Klasta 52 hutoa 13 kila robo, na kila robo huwa Lamu ndogo iliyokamilika. Kinachoharibu ni hekima ya safari. Msimamizi huona kusi kimechafua bahari, akasema visiwa tutavimaliza kaskazi ikirudi, sasa tufanye Witu. Nia yake njema, boti salama, na matokeo yake ni kwamba wavuvi wote wamepimwa katika miezi yao ya neema. Umaskini wa Lamu Mashariki utashuka kwenye karatasi pasipo samaki mmoja kuongezeka. Kinga ni kupanga klasta za kusi mapema: boti kubwa zaidi, siku za ziada za kungoja maji kujaa njia ya Pate, na ruhusa ya kusogeza safari kwa wiki, kamwe si kwa robo.

Hodi tatu

Adabu yetu ni kupiga hodi tatu, usipoitikiwa ukaondoka. Uchunguzi unadai zaidi: kurudi mara tatu, kwa nyakati tofauti, kabla ya kuandika kwamba kaya haikupatikana. Kurudi mara tatu saa nne asubuhi ni kurudi mara moja. Mvuvi hupatikana alasiri au siku bahari imekataa. Mpangaji wa Mokowe hupatikana jioni. Ijumaa mchana usimtafute mtu. Na katika Ramadhani saa moja kabla ya futari mwenye jiko hana nafasi ya kukutajia bei ya tui. Katika nyumba nyingi za Amu, mume akiwa hayupo, karani mwanamume hatakaribishwa ndani, naye mke ndiye ajuaye kilichonunuliwa. Timu isiyo na karani wa kike imeshazipoteza kaya hizo kabla ya kuanza.

Asiyepatikana asibadilishwe kwa jirani. Hili ndilo kosa linalofanywa kwa moyo mweupe kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo baya kuliko yote. Anayepatikana kwa urahisi ni mstaafu, mama wa nyumbani, asiye na kazi. Anayekosekana ni wa mshahara, wa biashara, wa safari. Ukimbadilisha wa pili kwa wa kwanza, idadi yako inabaki kumi na kila mtu anaridhika, lakini sampuli imeinamia upande mmoja na hakuna alama iliyobaki kuonyesha. Bora kaya tisa zenye pengo lililoandikwa. Majumba ya Malindi yenye kuta ndefu yanaleta tatizo hilohilo kwa upande wa matajiri: askari wa getini hukataa kwa niaba ya bosi. Barua rasmi iliyotangulia na chifu aliyearifiwa husaidia kwa kiasi, na walioshindikana huandikwa kwamba wamekataa.

Klasta isiyofikika kwa sababu ya usalama, jambo linalojulikana upande wa msitu wa Boni, nayo isihamishiwe penye amani. Iondolewe, na ripoti iseme waziwazi nani hakuhesabiwa.

Uzito

Turudi kwenye eneo letu, tuseme ni lile la kaya 120 za sensa, lililokutwa na 150 lilipoorodheshwa upya. Nafasi ya eneo ilikuwa 0.2, kinyume chake ni 5. Kaya 10 kati ya 150 ni moja kwa 15. Zidisha: kila kaya iliyohojiwa huzisemea 75. Kama tisa tu ndizo zilizopatikana, 75 huzidishwa kwa 10 na kugawanywa kwa 9, takriban 83. Lau wangetumia orodha ya sensa ya kaya 120, uzito ungekuwa 60, na zile kaya 30 mpya zisingekuwa na msemaji yeyote. Uzito huohuo ndio unaoirudisha Lamu mahali pake katika jumla ya taifa: ilipewa kaya nyingi kuliko fungu lake, basi kila moja hubeba mzigo mwepesi kuliko kaya ya Nairobi. Anayechukua data akakokotoa wastani wa Kenya bila uzito ameifanya kaunti ya watu 143,920 iwe na sauti sawa na jiji.

Na sampuli ina mpaka wake. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 mwaka 2019. Katika kaya zetu 520 itapata kama 80, na kwa mtawanyiko uleule kosa lake ni kama asilimia 25 juu au chini. Wadi ya Faza peke yake haitakuwa na zaidi ya klasta chache. Mwakilishi wadi anayetaka namba ya wadi yake hana budi kuidai kabla kura haijapigwa, pamoja na fedha za klasta za ziada na boti za kuzifikia. Karani akishapita mlangoni, namba hiyo haipatikani tena kwa hesabu yoyote.